Mtoto wa Mvunguni: Uchambuzi wa Kisa cha Binti Mwenye Usonji Aliyeishiwa Nguvu

Kisa hiki kinamhusu binti wa miaka 13, mwanafunzi wa darasa la saba katika shule ya kutwa jijini Mwanza, ambaye katika muda usiozidi wiki tatu aliacha kusema, akaacha kuandika, na akashindwa kuoga bila kusaidiwa. Nilikutana naye mwezi Julai, nikiwa mwalimu wa elimu maalumu ninayefanya pia kazi ya unasihi. Familia imeridhia kisa kiandikwe ili kiwafae wengine. Jina la binti na la shule sitayataja, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Familia inaishi kwenye miinuko ya mawe inayotazama Bandari ya Kusini, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyoezekwa kwa bati na kuegemezwa mwambani kama zilivyo nyumba nyingi za upande ule. Mama huuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na hutoka nyumbani kabla ya alfajiri. Baba ni mvuvi wa dagaa anayeshinda kambi za visiwani na kurudi nyumbani siku za mbalamwezi. Bibi mzaa baba anaishi nao, na wapo wadogo wawili wa kiume.

Maneno ya kwanza ya mama yalikuwa haya: "Mwalimu, huyu hakuwahi kunipa tabu. Ndiye niliyekuwa nawaonyesha wadogo zake, kwamba tazameni dada yenu." Shule ilisema vivyo hivyo. Katika darasa la watoto zaidi ya 100, hakuwa ametoka nje ya kumi bora tangu darasa la tatu, na hakuna mwalimu aliyekumbuka kumwadhibu hata mara moja. Ndiyo maana aliponyamaza kabisa, katika siku ya nne ya kambi ya maandalizi ya mtihani wakati wa likizo ya Juni, tafsiri ya haraka iliyopatikana ilikuwa kiburi. Alisimamishwa mbele ya wenzake ajibu swali la hisabati ambalo kila mtu alijua kwamba analiweza, naye akabaki ametazama ukuta. Usiku wa tisa alirudishwa nyumbani, na tangu hapo hakutamka neno.

Yaliyofuata hayatamshangaza yeyote anayeishi huku. Alipimwa malaria na taifodi, akapewa dawa. Palikuwa na mkesha wa maombi uliochukua usiku tatu, wenye spika mbili kubwa, na baada yake binti alianza kujiziba masikio hata kwa sauti ya kijiko ndani ya kikombe. Bibi kwa upande wake alihisi kwamba kuna mtu aliyeona wivu kwa mtoto anayeongoza darasani. Sina haja ya kumcheka yeyote kati yao, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajaribu kueleza jambo moja lile lile ambalo ni la kweli: mtoto aliyekuwa na uwezo jana, leo hana.

Kabla ya kuzungumzia uchovu wa aina yoyote, mtoto aliyepoteza uwezo aliokuwa nao ni lazima aonwe na daktari. Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho ni cha kawaida, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ipo katika familia nyingi za Kanda ya Ziwa, na vyote viwili vinaweza kumwacha mtoto amechoka miezi na miezi. Upungufu wa damu pia, hasa kwa binti aliyeanza hedhi. Daktari alipima hayo yote, akauliza kwa kina kuhusu degedege na kifafa, na akachunguza uwezekano wa katatonia, hali ya mwili kuganda ambayo huwapata baadhi ya vijana wenye usonji (kwa Kiingereza autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisi) katika umri huu huu wa balehe na ambayo huhitaji matibabu yake mahususi. Alikuta damu imepungua kidogo, akampa dawa ya madini ya chuma. Hakukuta la kumtosheleza kueleza ukimya ule.

Sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa, ilibaki kuwa swali gumu zaidi. Binti hakuwa analala vizuri, hakula na wenzake, na hakutaka kumwona mtu. Aliulizwa waziwazi, kwa maandishi na mbele ya mama yake tu, kama amewahi kutamani kufa au kujiumiza, naye akaweka alama kwenye hapana. Lakini lilikuwapo jambo moja lililotufanya tusite kuiita sonona tu. Binti huyu anapenda meli. Nyuma ya nyumba kuna mwamba ambao mtu akikaa juu yake anaiona bandari yote, na ana daftari alilolianza darasa la pili ambamo ameandika kwamba MV Umoja hubeba mabehewa ya treni, kwamba MV Victoria ilirejea majini mwaka 2020 na husafiri kwenda Bukoba kupitia Kemondo, kwamba MV Mwanza ina urefu wa mita 92.6 na imetengenezwa kwa ajili ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Katika siku zile mbaya kabisa, alipokuwa hawezi kushika kalamu, mdogo wake alikosea kwa kusema Umoja inaenda Bukoba na abiria. Binti aliyekuwa amelala alinyanyua mkono akagonga ukuta mara mbili kumkatalia. Katika sonona, mara nyingi hamu yenyewe hufifia. Kwa binti huyu hamu ilikuwapo. Kilichokosekana ni nguvu ya kuifuata. Tofauti hiyo haitoshi kuwa kipimo, na hali zote mbili zinaweza kumpata mtoto mmoja kwa pamoja, ila ilitufungulia njia ya kuuliza habari za utotoni mwake.

Hapo ndipo mama alipoanza kueleza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Alichelewa kusema hadi alipokaribia miaka minne, kisha akaanza kwa sentensi nzima. Ugali na dagaa ni lazima vikae mbalimbali sahanini, na dagaa wawe wakavu. Mchuzi ukigusa ugali, chakula kimekwisha. Mvua ikipiga bati alikuwa akikimbilia kwa jirani mwenye dari. Na kila siku, tangu darasa la kwanza, akitoka shuleni alipita moja kwa moja chumbani, akaingia mvunguni mwa kitanda, akajifunika kanga usoni na kukaa humo saa nzima bila kusemeshwa. Bibi alimpachika jina la utani, mtoto wa mvunguni, na familia ikalizoea jambo hilo kama inavyozoea mtu anayependa chai ya tangawizi. Daktari wa afya ya akili alimthibitishia usonji mwezi Agosti, kwa kutumia historia hiyo na kwa kumwona mara tatu.

Kwa miaka saba, basi, shule ilikuwa inamwona mtoto mmoja na mvungu unamwona mwingine. Baadaye, alipoanza tena kuandika, alitueleza alivyokuwa anafanya. Alikuwa akihesabu hadi nne akimtazama mwalimu usoni, kisha anaangalia daftari, kisha anarudia, kwa sababu alikwisha kugundua kwamba asiyemtazama mwalimu huulizwa anawaza nini. Alicheka wenzake wakishaanza kucheka. Alikalia viganja vyake ili visipepee. Katika mchakamchaka wa asubuhi aliimba huku amebana meno, kwa kuwa sauti za watoto 900 zilimwuma masikioni kama kitu cha ncha. Alikuwa na rafiki mmoja ambaye alimwiga karibu kila kitu, kuanzia jinsi ya kuomba ruhusa hadi jinsi ya kubeba ndoo ya maji, na rafiki huyo alihamia Geita mwezi Januari. Mwezi huo huo binti alivunja ungo. Mwezi Machi masomo ya ziada yaliongezwa hadi saa 12 jioni na Jumamosi nzima, maana yake ni kwamba muda wa mvunguni ulikwisha. Kisha ikaja kambi, ambako watoto hulala darasani kwa safu, na ambako hapakuwa na mvungu kabisa.

Kujibana kwa namna hii, kwa watoto ambao ubongo wao hufanya kazi tofauti na ilivyozoeleka, wawe na usonji, ADHD (ugumu wa kutulia na kuzingatia) au disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), ni kazi ya mwili na ya akili, na kazi yoyote ina gharama. Mwaka 2020 Dora Raymaker na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliotokana na simulizi za watu wazima wenye usonji, nao wakaieleza hali ya mtu mwenye usonji kuishiwa nguvu, kwa Kiingereza autistic burnout, kwa alama tatu zinazokwenda pamoja: uchovu mzito unaodumu, kwa kawaida miezi mitatu au zaidi, kupotea kwa uwezo aliokuwa nao mtu, kama kusema au kujihudumia, na kupungua kwa uvumilivu wa sauti, mwanga, harufu na mguso. Haya yote matatu tuliyaona. Ni vizuri hata hivyo kusema kwamba hili si jina la ugonjwa katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11. Kuishiwa nguvu (burnout) kunakotajwa humo kunahusu kazi ya ajira tu. Kwa hiyo sikulitumia kama cheti, nililitumia kama taa ya kuangalizia.

Na bado nilikosea. Nilipoanza kazi mwezi Julai, kabla ya majibu ya daktari, niliamua kwamba hii ni hofu ya shule, na hofu ya shule hutibiwa kwa hatua ndogondogo: leo hadi kona ya barabara, kesho hadi getini, keshokutwa mstarini dakika tano, na kila hatua soda au kitu anachokipenda. Kwa mtoto mwenye hofu, njia hii mara nyingi husaidia. Binti alifuata kila kitu. Siku ya kwanza alifika konani, siku ya pili getini, siku ya tatu getini tena, siku ya nne aliingia na kusimama mstarini akiwa amenyooka kama mshale. Mwalimu mkuu alinipa mkono. Mimi mwenyewe niliandika katika kumbukumbu zangu kwamba maendeleo ni mazuri sana. Siku ya tano hakuweza kunyanyuka. Alijikojolea kitandani, akajing'ata kifundo cha mkono hadi damu ikatoka, na kwa siku kumi zilizofuata hata kugonga ukuta hakugonga.

Kosa hili nimelirefusha kwa makusudi. Nilikuwa nimempima binti kwa utii wake, kipimo kile kile kilichomfikisha alipofika. Mtoto aliyejifunza kwa miaka saba kwamba usalama wake ni kuwaridhisha wakubwa ataniridhisha na mimi pia, kwa nguvu za mwisho alizonazo, na mimi nitaziita maendeleo.

Baba alirudi mwezi ulipokuwa unakaribia kujaa. Ni mtu wa maneno machache. Alinisikiliza nikieleza kwa nini naona sasa tupunguze kila tunachomdai binti, hata vile vinavyoonekana vidogo, kisha akasema: "Sisi mwezi ukiwa mkubwa hatuendi ziwani, mwalimu. Dagaa hawaifuati taa. Ukilazimisha unamaliza mafuta." Akaongeza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa huyu mwezi wake utafifia lini?" Mfano wake ulinifaa sana katika mazungumzo na ndugu, ila ulikuwa na tundu hilo hilo, kwamba mbalamwezi ina tarehe na uchovu wa mtoto hauna. Tulichokubaliana ni kutohesabu siku.

La kwanza kuachwa lilikuwa mtihani wa Septemba. Hili liliiumiza familia kuliko yote, kwa sababu nafasi ya mtoto huyu katika shule nzuri ya sekondari ilikuwa imekwisha kusemwa ukoo mzima. Barua ya daktari ilipelekwa kwa mwalimu mkuu, na afisa elimu maalumu wa halmashauri akashirikishwa, ili kutokuwapo kwake kusihesabiwe utoro.

Nyumbani, mvungu ulipewa heshima yake. Godoro dogo liliwekwa humo, kanga mbili zikatundikwa ukingoni kama pazia, na wadogo zake wakaambiwa kwamba anayetaka kuingia abishe hodi kwa kidole sakafuni. Kuoga kwa ndoo ya maji baridi uani kuliachwa. Alifutwa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu jioni, na siku asipotaka iliachwa hivyo hivyo. Chakula kiliwekwa karibu naye bila neno. Baba alimletea kutoka kwa fundi mmoja wa bandarini vizuia kelele vile vya kufunika masikio, na nadhani hakuna fedha iliyotumika vizuri zaidi katika kisa hiki chote.

Jambo lililokuwa gumu kuliko nilivyotarajia ni salamu. Mtoto asiyesema hawezi kutoa shikamoo, na kila mgeni aliyeingia, shangazi, mjomba, jirani, aliiona nafasi ile tupu kuwa ni tusi. Kila mara mama alimwomba binti ajaribu, na kila jaribio lilimrudisha mvunguni. Aliyelimaliza ni bibi. Alitangaza mbele ya wageni kwamba katika nyumba ile binti akiinamisha kichwa amekwisha kuamkia, na mgeni wa kwanza aliyeguna alijibiwa, "Shikamoo yake nimeipokea mimi, wewe unadai ya nani?" Baada ya hapo neno halikurudiwa. Mnasihi hana mamlaka hayo katika nyumba ya watu. Bibi anayo.

Daftari la meli lilileta ubishi. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema, alishauri lizuiwe na litolewe tu binti akioga, ili hamu yake itumike kumvuta. Nilikataa. Kitu pekee kinachomrudishia mtoto nguvu hakifai kugeuzwa mshahara, kwa sababu siku atakayoshindwa kuoga ndiyo siku atakayokihitaji zaidi. Kuanzia wiki ya sita alianza kutoka mwenyewe, jioni, kwenda kukaa mwambani. Hatukumfuata.

Ni lazima niseme pia kwamba pumziko hili lilikuwa na bei. Mama alipunguza siku za Mwaloni kutoka sita hadi tatu, na mnunuzi asiyekukuta alfajiri humngoji kesho. Mtaji ulishuka, na deni la magunia likachelewa. Ushauri mwingi unaoandikwa kuhusu watoto hawa humchukulia mzazi kuwa mtu anayeweza kukaa nyumbani. Hapa iliwezekana kwa sababu bibi alichukua asubuhi, na wifi yake mama akakubali kuuza kwa niaba yake siku mbili. Familia isiyo na watu hao ingehitaji mpango mwingine, na sijifanyi kwamba ungekuwa rahisi.

Uwezo ulirudi bila kufuata mpangilio tuliouwazia. Usingizi ulitangulia. Wiki ya kumi na moja alimnong'oneza mdogo wake jina la meli iliyokuwa inatia nanga. Kuandika kulirudi Novemba, kwa herufi kubwa zilizopinda kama za darasa la kwanza, na mama alilia alipoziona, ingawa binti mwenyewe alionekana kuridhika nazo. Kuoga peke yake kulichelewa hadi Februari. Katikati palikuwa na anguko la Desemba, mvua za usiku zilipofuatana na wageni wa Krismasi, akakaa mvunguni siku sita.

Alirudi shuleni mwishoni mwa Januari, darasa la saba tena, siku mbili kwa wiki. Mazungumzo na uongozi hayakuwa ya uadui. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto kama huyu kusoma pamoja na wenzake kwa msaada anaouhitaji, na mwalimu mkuu alitaka tu kujua msaada wenyewe ni nini. Haukuhitaji fedha. Anaingia kipindi cha pili, akiukwepa mstari na mchakamchaka. Anakaa ukutani karibu na mlango. Ana kipande cha kadi nyekundu, akikiweka mezani anatoka kwenda chini ya mwembe bila kuomba ruhusa. Anaweza kujibu kwa kuandika, na ukimya wake hauadhibiwi. Hasomi Jumamosi wala hakai kambi. Mwalimu wa darasa aliogopa kwamba watoto wengine wote watadai mwembe. Waliodai ni watatu, na mmoja wao alikuwa yule aliyejulikana kwa utukutu.

Kipimo tulichokitumia safari hii hakikuwa mahudhurio. Mama alichora kwa chaki, nyuma ya mlango wa chumba, mstari mmoja kwa kila robo saa ambayo binti alikaa mvunguni baada ya shule. Wiki ya kwanza ilikuwa mistari minane kwa siku. Tulikubaliana kwamba ikizidi minne kwa siku mbili mfululizo, siku moja ya shule inaondolewa wiki inayofuata, hata kama shuleni wanasema alikuwa vizuri sana. Tena hasa wakisema hivyo. Siku moja iliondolewa mara tatu kati ya Februari na Juni. Kufikia Julai alikuwa anakwenda siku nne, na mistari ilikuwa miwili au mitatu.

Septemba alifanya mtihani katika chumba cha pembeni, pamoja na muda wa nyongeza ambao Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Alimaliza siku zote mbili. Kisha akaingia mvunguni, akakaa siku nne, na hakusema. Sikupigiwa simu. Nilikuja kuambiwa wiki mbili baadaye Mwaloni, katikati ya maongezi ya bei ya dagaa: mama alikuwa amechora mistari yake mlangoni, akawa anampelekea uji, akaenda sokoni kama kawaida, na siku ya tano binti alitoka mwenyewe kwenda mwambani na daftari lake.